Usiku wa filamu Ngome Kongwe: namna ya kwenda na wenzako na kukutana na mwigizaji unayemkubali

Kwa anayetaka kuangalia filamu na marafiki kisha apate dakika moja na mwigizaji anayemkubali, hatuoni mahali pazuri Afrika Mashariki kuliko Zanzibar wakati wa ZIFF, Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar. Sababu ni mji wenyewe. Kwenye uzinduzi wa filamu Dar es Salaam au Nairobi, staa anashushwa mlangoni mwa jumba la sinema, anapita kwenye zulia jekundu, anakaa VIP, na filamu ikiisha gari linamsubiri. Mji Mkongwe haumpi nafasi ya kujificha hivyo. Vichochoro vingi havipitishi gari, hoteli na kumbi ziko mwendo wa dakika chache kwa miguu, na usiku kila mtu, awe mwongozaji wa filamu kutoka Cape Town au kijana wa Kikwajuni, huishia bustani ya Forodhani kutafuta mishikaki.

Tamasha lilianza mwaka 1998 na hujulikana pia kama Tamasha la Nchi za Jahazi. Tuzo yake kubwa ni Jahazi la Dhahabu. Hufanyika katikati ya mwaka, mara nyingi kati ya Juni na mwanzoni mwa Agosti, na kitovu chake ni Ngome Kongwe, ile ngome ya Waarabu wa Oman iliyojengwa baada ya Wareno kutimuliwa mwishoni mwa karne ya 17. Ndani yake kuna uwanja wa maonyesho ulio wazi, wenye ngazi za kukalia. Maelezo haya yanahusu hapo. Mwishoni yapo machache ya uzinduzi wa kwenye majumba ya sinema, maana huko mambo ni mengine.

Kwanza hakikisha anakuja

Bango likisema "mastaa wote watakuwepo", lichukulie kama pambo. Ratiba ya tamasha inakwambia filamu gani inaonyeshwa siku gani na ukumbi gani, ila haikwambii kama mwigizaji amepanda ndege. Hilo lithibitishe sehemu mbili: ukurasa wa mwigizaji mwenyewe (si kurasa za mashabiki, ambazo nyingi hurudia bango lilelile), na ukurasa wa mwongozaji au wa kampuni iliyotengeneza filamu. Waongozaji hutangaza mapema wanakuja na nani kwa sababu nao wanataka watu wajae. Ukiona wiki hiyohiyo mwigizaji wako anarusha picha akiwa lokesheni mkoa mwingine, usikate tiketi ya boti kwa ajili yake. Nenda kwa ajili ya filamu, akitokea iwe faida.

Angalia pia siku. Wageni wengi hufika kwa ajili ya filamu yao, wakalala usiku mmoja au miwili, wakaondoka. Kama filamu inaonyeshwa Alhamisi usiku, siku zako ni Alhamisi yenyewe na Ijumaa mchana. Anayejipanga kufika usiku wa tuzo tu, akidhani ndiyo siku mastaa wote wapo, mara nyingi hukuta mtu wake alishapanda boti ya asubuhi, isipokuwa kama jina lake limo kwenye wanaowania.

Halafu saa. Ratiba nyingi huandikwa "7:00 PM", yaani saa moja usiku, na kundi lenye watu wa Tanga, Nairobi na waliokulia Muscat au London lina namna mbili tofauti za kuhesabu saa kichwani. Andika kwenye kundi la WhatsApp "saa 1 usiku, yaani 19:00" na mjadala uishe hapo.

Usitarajie filamu ya uwanjani ianze mapema. Mwishoni mwa Juni jua la Unguja huzama kama saa 12:20 jioni, na giza la kutosha kuiona skrini vizuri linaingia karibu na saa moja. Kabla ya hapo projekta inashindana na mwanga wa anga na picha inapauka. Ongeza ukaribisho na filamu fupi ya kufungulia, utaona kwa nini filamu ndefu inaweza kuanza saa mbili au zaidi. Ikiwa na dakika 100, na maswali na majibu robo saa baadaye, mnatoka saa nne na zaidi. Mipango yote ya chakula, usafiri na malazi ianzie kwenye hesabu hiyo.

Kundi, fedha na kazi za kila mmoja

Watu wanne hadi sita ndio kundi linalokwenda vizuri. Mkifika saba hamkai pamoja, hamtoki pamoja, na daima kuna mmoja amesahau kitambulisho.

Teueni mweka hazina mmoja. Kila mtu amtumie fedha zake kwa simu wiki mbili kabla, tiketi ya boti na ya filamu pamoja, na tarehe ya mwisho iwe tarehe ya mwisho kweli. Hela ya ahadi haikati tiketi. Bei za wenyeji na za wageni mara nyingi hutofautiana, kwa hiyo mweka hazina aulize mapema nani ana kitambulisho gani, asije akakata tiketi sita za mwenyeji wakati wawili wana pasipoti ya nje. Ikiwa kuna pasi inayojumuisha warsha na mijadala ya mchana, na nia yenu ni kukutana na mtu, chukueni hiyo badala ya tiketi ya usiku mmoja. Kwenye warsha huwa kuna watu wachache kuliko ngomeni usiku, viti viko karibu na mazungumzo ni ya kawaida.

Kazi za kugawana ni nne: anayeshika tiketi, anayewahi nafasi, anayeuliza swali, na anayepiga picha. Mbili za mwisho zisishikwe na mtu mmoja. Muulizaji akishamaliza huwa mikono inamtetemeka, na picha yake inatoka hivyohivyo.

Boti na malazi

Boti za kasi kutoka Dar huchukua kama saa mbili. Pandeni ya asubuhi siku ya filamu, au siku moja kabla, si ya alasiri. Majira haya ni ya kusi, upepo wa kutoka kusini, na bahari ya mkondo kati ya Dar na Unguja huchafuka, na boti ikichelewa saa mbili ile ya asubuhi bado inawaacha na mchana mzima. Ya alasiri inawafikisha ngomeni na mabegi mgongoni, watu wameshakaa. Jina kwenye tiketi lilingane na kitambulisho herufi kwa herufi. Fikeni bandarini saa nzima kabla ya kuondoka.

Mwenye kichefuchefu akae sitaha ya chini, katikati au kuelekea nyuma, ambako mtikisiko ni mdogo, na dawa ainywe kabla ya safari, si baada ya boti kuanza kuruka. Chipsi mayai za bandarini zisubiri.

Wanaotoka Mombasa kwa basi hupitia Lungalunga na Horohoro, hivyo hati ya kusafiria na kadi ya chanjo ya homa ya manjano viwe mkononi, si ndani ya begi chini ya basi.

Kurudi Bara baada ya filamu hakupo. Kwa saa hiyo boti za kasi zimelala. Laleni mjini. Nyumba za wageni za Shangani, Malindi au Vuga hujaa wiki ya tamasha, basi kateni mapema, au tafuteni nafuu upande wa Kikwajuni na Michenzani, ambako bado ni mwendo wa miguu. Wanaoshawishika na bei ya chumba Paje au Nungwi hujuta saa nne usiku, kwa sababu huko ni kama saa nzima au zaidi kwa gari na dereva anawajua mmekwama. Isitoshe, huanza kuaga wakati maswali na majibu ndiyo yanaanza, yaani wakati ule hasa waliousafiria.

Kabla ya taa kuzimwa

Vaeni kwa heshima ya mji: mabega na magoti yamefunikwa, wanaume kwa wanawake. Ngazi za mawe ni ngumu na hupoza usiku, kwa hiyo kila mmoja awe na kanga au kikoi cha kukalia na kitu chepesi cha mikono mirefu, maana upepo wa kusi unaingia mpaka ndani ya kuta. Mafuta ya mbu pakeni mkiwa bado hotelini, hasa kwenye vifundo vya miguu. Pawabenki moja inatosha watu watatu.

Kuleni kabla ya kuingia. Bustani ya Forodhani iko mbele ya ngome na wauzaji huanza kuwasha taa jioni. Ulizeni bei kabla mshikaki haujawekwa kwenye moto, hasa wa pweza, kamba na samaki, kwa sababu ukishaiva hakuna tena mapatano. Urojo ni mtamu lakini si chakula cha aliyevaa kanzu nyeupe na anayetegemea kupigwa picha. Pizza ya Zanzibar hutengenezwa moja moja na foleni yake ni ndefu. Ikiwa ni saa kumi na mbili na nusu na mbele yenu kuna watu kumi, achaneni nayo.

Magharibi inaingia wakati uleule wa kuwahi nafasi. Gawanyikeni: nusu wakaswali, nusu wakae, kisha mbadilishane. Mtu mmoja hawezi kulinda nafasi zaidi ya tatu kwa kanga. Taa zikizimwa, kanga tupu inasogezwa na mwenye haja ya kukaa, na hana kosa.

Mahali pa kukaa si mbele kabisa. Viti vya mbele huwekewa wageni rasmi, na ukipata kimoja utakaa shingo juu dakika mia. Tafuteni katikati ya uwanja, ngazi zile ambazo macho yako yanalingana na katikati ya skrini. Kuna sababu ya pili: filamu nyingi zina manukuu, yaani maandishi ya tafsiri, na manukuu hukaa chini ya picha, palepale ambapo kilemba cha mama aliyeko mbele yako kinaishia. Ngazi mbili juu zaidi zinamaliza tatizo. Muulizaji wenu akae mwisho wa safu, karibu na njia.

Simu zikae kimya na skrini zifunikwe. Kurekodi filamu, hata sekunde thelathini za "kuweka stori", ni kosa la hakimiliki. Taasisi za kusimamia haki hizo zipo, Bara COSOTA na Zanzibar COSOZA, na waandaaji huwa na watu wanaozunguka kuangalia mwanga wa simu. Ukitolewa nje kwa hilo umepoteza filamu, swali na mwigizaji kwa mpigo mmoja. Mtayarishaji aliyeko safu ya mbele ndiye mwenye fedha zake kwenye ile picha unayoirusha.

Swali ndilo linalokutambulisha

Hapa ndipo kundi linapojipatia nafasi au kuipoteza. Filamu ikiisha, mshereheshaji huwaita mwongozaji na waigizaji mbele, na kipaza sauti huzungushwa kwa watu wachache tu, pengine watano au sita. Aliyeuliza vizuri hukumbukwa. Nusu saa baadaye, nje ya lango, mwigizaji akimwona atasema "wewe ndiye uliyeuliza kuhusu ile sehemu ya jikoni", na mazungumzo yameshaanza bila wewe kumvuta mtu shati.

Maandalizi yake hufanyika nyumbani. Angalieni angalau kazi mbili za nyuma za huyo mwigizaji, moja ya karibuni na moja ya zamani. Jueni nani aliongoza na nani aliandika. Kisha wakati wa filamu ya usiku ule, muulizaji achague kitu kimoja alichokiona: namna mhusika alivyonyamaza pale baba mkwe alipoingia, lafudhi ya Kimakunduchi, mkono uliokuwa ukikunja kanga. Swali lijengwe juu ya kitu hicho, na liwe sentensi moja, au mbili zikizidi sana.

Kwa mfano: "Naitwa fulani, natoka Tanga. Pale mhusika wako anapopokea habari za msiba hakulia, alikwenda kuchota maji. Hilo lilikuwa kwenye muswada au mlilipata mkiwa lokesheni?" Swali hili linafanya kazi kwa sababu linamwonyesha mwigizaji kwamba umeiona kazi yake, halijibiki kwa ndiyo au hapana, na linampa nafasi ya kumtaja mwongozaji aliyekaa pembeni yake. Linganisha na "Umejisikiaje kuigiza filamu hii?" Jibu lake ni "nimejisikia vizuri", na kipaza sauti kimeshahama.

Mengine ya kuepuka yanajulikana lakini hurudiwa kila usiku. "Sehemu ya pili lini" ni swali la mtayarishaji. Maswali ya ndoa, ya bifu na ya yule aliyeachana naye yanaufanya ukumbi ucheke na mtu wako afunge uso. Hotuba ya dakika tatu inayomalizika na "sijui unalionaje hilo" humfanya mshereheshaji akate. Na usieleze mwisho wa filamu kwa sauti kama kesho inaonyeshwa ukumbi mwingine.

Nyoosha mkono mara tu mshereheshaji anapofungua nafasi. Watu wengi husubiri mwingine aanze, hivyo mkono wa kwanza karibu kila mara hupewa, na mwenye kukaa karibu na njia hufikiwa haraka. Simama ili sauti ipande. Uliza kwa Kiswahili bila wasiwasi. Kama mgeni hakijui, mshereheshaji atatafsiri, na kipindi hicho cha kutafsiri humpa mwigizaji muda wa kufikiri jibu zuri.

Kumsogelea

Dakika kumi baada ya maswali, mbele ya skrini kunakuwa na msongamano: waandishi wa habari, ndugu wa waandaaji, watoto. Usiingie humo. Mabaunsa wanasukuma, mwigizaji anaangalia kamera zaidi ya watu, na utapata nusu sekunde. Subiri upande wa njia ya kutokea, mahali penye nafasi na taa, umsogelee msongamano ukipungua. Kwenye hotuba za wakubwa na usiku wa tuzo njia za wageni huwekewa kamba; usiku wa filamu ya kawaida wote huelekea lango moja, lile la upande wa Forodhani.

Mwangalie kwanza. Akiwa na simu sikioni, anakula, ana mtoto mkononi, au anazungumza na mtu kwa sauti ya chini, acha. Aliyepo naye ukimwona anashika mkoba wake na kuangalia saa, huyo ndiye meneja, msalimie yeye kwanza na umwombe: "Samahani kaka, tunaweza kumsalimia dada kwa nusu dakika?" Ukianza na meneja unapata ulinzi wake. Ukimruka, kazi yake inakuwa kukuondoa.

Salamu ifuate umri, si ustaa. Mwigizaji wa rika la mama yako ni "Shikamoo mama", hata kama kwenye filamu alicheza mchawi. Wa rika lako ni "Habari dada, pole na kazi". Mkono usiutangulize kwa mtu wa jinsia nyingine; Unguja wengi hawapeani mikono hivyo, na ukiona ameweka kiganja kifuani, fanya vivyo hivyo. Kukumbatia ni pale anapoanza yeye. Muite kwa jina lake, si la mhusika. Waigizaji waliocheza watu wabaya kwa miaka mingi hukumbana na watu sokoni wanaowatukana kweli, kwa hiyo anayewaita kwa jina lao halisi anaonekana mara moja.

Kisha useme jambo moja. "Hongera. Ile sehemu ya kuchota maji imenikaa." Basi. Hujaja kusimulia maisha yako wala kuorodhesha filamu zake zote. Mkiwa watano, asiseme kila mtu la kwake. Mmoja aseme kwa niaba, wengine waitikie, mwombe picha, mshukuru, mwondoke nyinyi kabla hajaondoka yeye. Nusu dakika hadi dakika moja inatosha. Akitaka kuendelea kuzungumza ataendelea mwenyewe, na hilo hutokea mara nyingi zaidi kuliko watu wanavyodhani, hasa kwa wale wasio na jina kubwa bado.

Namba ya simu usiombe. Muswada wako usiukabidhi usiku huo. Utabaki kwenye meza ya hoteli. Kama kweli unaandika au unaigiza, muulize meneja utume wapi, au mtafute mwongozaji kesho yake kwenye mjadala wa mchana, maana mwongozaji ndiye anayechagua waigizaji. Zawadi ikiwepo iwe ndogo na ya kubebeka, kama pakiti ya karafuu, si chakula cha kupikwa ambacho hawezi kula kutoka kwa mtu asiyemjua. Na fedha weka mfukoni: kutunza kwa noti ni desturi ya taarabu, ambapo msanii yuko jukwaani anaimba. Kumpa mwigizaji noti nje ya lango kunamdhalilisha.

Akisema "samahani, si sasa", jibu lako ni "hamna shida, kazi njema", na uondoke ukitabasamu. Mji ni mdogo, kesho mtapishana kwenye mkahawa, na aliyekataliwa kwa upole akakubali kwa upole huwa anakumbukwa.

Kama muda hauwabani, nafasi bora ya zote ni asubuhi inayofuata. Ameshapata usingizi, filamu imeshapokewa, hana vipodozi wala haraka, anahudhuria warsha ya mwenzake au anazunguka maduka ya Mtaa wa Gizenga kama mtalii mwingine.

Picha

Picha nyingi za usiku wa ngome huharibika kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mwanga kuwa nyuma: watu wanapenda kusimama mbele ya skrini au taa ya jukwaa, simu inapima ule mwanga mkali, na nyuso zinatoka nyeusi. Mpiga picha wenu atafute taa kwanza, asimame yeye akiipa mgongo, ili mwanga uwaangukie mnaopigwa. Ya pili ni lenzi. Simu iliyoshikwa na mikono ya mishikaki ina ukungu wa mafuta juu ya lenzi, na taa zote hutoka na mistari. Ifute kwa ncha ya kanga kabla hamjamsogelea.

Flashi izimwe. Kwa umbali wa hatua mbili hung'arisha paji la uso na kuacha nyuma giza tupu, na usiku ule mwigizaji ameshapigwa flashi za kutosha. Kamera iwe imefunguliwa tayari, simu imelazwa, mpiga picha ameshika kwa mikono miwili na viwiko vimebanwa mbavuni, kwa sababu gizani simu hukusanya mwanga kwa muda mrefu zaidi na mtikisiko mdogo unatia ukungu. Apige tatu au nne mfululizo, maana kuna mtu lazima atafumba macho. Picha iwe ya kundi, moja. Mkianza "na mimi peke yangu, na mimi peke yangu", watu watano ni dakika nne, na foleni nyuma yenu inaanza kunung'unika.

Selfi ni chaguo la mwisho. Mkono ulionyooshwa humlazimisha mwigizaji akusogelee shavu kwa shavu, jambo ambalo si kila mtu analiridhia, na lenzi ya mbele ya simu nyingi ni dhaifu gizani.

Kuweka mtandaoni subirini asubuhi. Ukirusha palepale ukataja hoteli au mkahawa aliopo, umemwitia watu. Kwenye maelezo mtaje na mwongozaji na jina la filamu kama lilivyoandikwa. Waigizaji hurusha upya picha za aina hiyo kwa sababu zinaitangaza kazi.

Uzinduzi kwenye jumba la sinema

Dar na Nairobi mpangilio ni kinyume. Nafasi ya kumsogelea mwigizaji iko kabla ya filamu, kwenye zulia jekundu na ukumbi wa nje, kwa sababu baada ya hapo anaweza kutoka hata kabla ya taa kuwashwa. Zulia jekundu huanza saa moja au mbili kabla ya muda ulioandikwa kwenye tiketi, basi fikeni wakati huo hata kama viti vyenu ni vya kawaida. Someni tiketi: VIP mara nyingi hulipia siti, kinywaji na picha kwenye bango la wadhamini, lakini si lazima iwe inalipia kukutana na mwigizaji. Ikiwa kukutana naye kumeuzwa kama sehemu ya tiketi, muulize anayeuza ni saa ngapi, mlango gani, na kwa muda gani, na majibu hayo uyapate kwa ujumbe wa maandishi. Uzinduzi mmoja unaweza kuonyeshwa kwenye kumbi mbili au tatu za jengo lilelile kwa wakati mmoja, na waigizaji hukaa moja tu. Ulizeni ni ipi kabla ya kulipa, maana ukishaingia ukumbi namba tatu utaangalia filamu ileile na watu walewale uliowaacha mtaani.